Shajara ya mradi: kumtafutia mpwa wangu chuo kwa mpira wa Kimarekani, mtu wa laini ya mbele (Iowa, 2024 hadi 2026)

Agosti 2024: tunapoanzia

Hii shajara naiandika kwa ajili ya familia zetu zinazoongea Kiswahili huku Iowa na majimbo mengine, hasa wale ambao mtoto amekua ghafla akawa jitu, halafu kocha wa shule anakuambia huyu anaweza kusomeshwa chuo kwa mpira, na wewe mzazi mpira unaoujua ni wa TP Mazembe na Simba na Yanga. Nitaongeza kila hatua ikiisha. Majina ya vyuo tulivyoongea navyo sitayaweka, dogo bado ni mtoto na makocha wanasoma kila kitu.

Mpwa wangu anaingia darasa la 11, atamaliza 2026. Familia ilitoka Kongo ikapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, wakafika huku akiwa shule ya msingi. Shemeji yupo zamu ya usiku kiwanda cha nyama, dada anahudumia wazee, mimi ndo mwenye gari na wikiendi zangu, kwa hiyo mradi umekuja kwangu.

Kwa wasioujua huu mchezo: laini ya ushambuliaji ni watu watano wa mbele. Senta katikati ndo anaanzisha kwa kumpa kotabeki, yule mrusha pasi, mpira, pembeni yake magadi wawili, na nje kabisa matekli wawili. Ukimtoa senta, hawa watu mpira hawaugusi. Kazi yao kumkinga kotabeki asiangushwe na kufungua njia kwa anayekimbia. Hawafungi na majina yao hayatangazwi, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana mkimbiaji ana sekunde zake, kotabeki ana pasi zake, wa laini ana video na mwili wake basi. Makocha hawamchukui kwa alivyo leo, wanamchukua kwa atakavyokuwa akifika miaka 21.

Na Iowa ni sehemu nzuri kwa hilo. Tristan Wirfs katokea Mount Vernon, mji mdogo tu hapa mashariki, shuleni alikuwa anapiga mieleka na kurusha tufe na kisahani, akaenda University of Iowa, 2020 timu za NFL, ligi ya kulipwa, zilipochagua wachezaji wapya akachukuliwa wa 13 na Tampa Bay. Spencer Brown katokea Lenox, shule ndogo mpaka wanacheza watu wanane kila upande badala ya 11, na wala hakuwa tekli huko, Northern Iowa ndo wakamgeuza tekli na 2021 Buffalo wakamchukua. Mwaka uliofuata Trevor Penning, pia wa Northern Iowa, kachukuliwa wa 19. Northern Iowa iko FCS, ngazi ya chini ya ile ya vyuo vikubwa vya kwenye TV. Lishike hilo, litarudi.

Septemba 2024: video ya kwanza imefeli

Septemba 1 ya darasa la 11 ndo siku vyuo vya Division I (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, hiyo FCS na ile kubwa ya FBS zote zimo humo) vinaruhusiwa kuanza kumwandikia mchezaji meseji na imeili binafsi. Dogo alikaa na simu usiku kucha akisubiri. Zilikuja mbili, zote ni matangazo ya kempu, yale mazoezi ya kulipia huko chuoni, zile kompyuta inatuma kwa kila mtu.

Video tuliyokuwa tumetengeneza kwenye Hudl, mtandao wa video za michezo, ilikuwa dakika saba, ina muziki, imejaa matukio ya yeye kumlaza mtu chali. Tukamwomba kocha mmoja wa laini wa chuo kidogo cha jirani aiangalie, na Mungu ambariki alitupa dakika ishirini zake. Alisema wale unaowalaza ni watoto wa ratili 160, hainiambii kitu. Alisema camera iko pembeni ya uwanja, mimi nataka ya nyuma ya goli, kutoka pembeni siwezi kuona miguu. Pia kuna matukio hajui yupi ndo dogo mpaka mchezo umeisha. Na muhimu kuliko yote, hakuna hata klipu moja anamkinga kotabeki kwenye pasi, maana shule yetu inakimbia na mpira karibu muda wote.

Tulichorekebisha:

Klipu kama 18 tu, chini ya dakika tatu, tano bora mwanzoni kabisa, sababu kocha akishaona tano ameamua. Duara jekundu linamzunguka kabla mchezo haujaanza. Muziki tumetoa. Za pasi tukazipata mazoezini, mmoja kwa mmoja, kocha wa shule akakubali tupige video kwa simu tukiwa tumesimama nyuma. Hapo kinachoonekana ni mguu wa nje unavyorudi nyuma hatua fupi fupi bila yeye kuinuka, makalio chini, mikono inagonga kifua cha mpinzani kwa pamoja. Dogo alikuwa anainuka kila hatua ya pili na ukishainuka mtu mdogo wa ratili 200 anakusukuma mpaka kwa kotabeki, fizikia tu hiyo. Ilichukua msimu mzima kumtoa hapo.

Mwisho tukaongeza klipu mbili za mieleka. Huyu anapigana uzito wa juu, ule ambao shule za sekondari mwisho ratili 285. Sijawahi kuona kitu kinachowasisimua makocha wa laini kama mieleka, kila tuliyeongea naye baadaye alitaja zile klipu kabla ya mpira wenyewe.

Gharama: Hudl shule inalipia, hatukutoa kitu. Viatu saizi 16, dola 120 na havipatikani dukani, ni kuagiza.

Novemba 2024: kampuni ya usajili, msilipe

Alipiga simu jamaa anaongea vizuri sana, anasema kampuni yao itamweka dogo mbele ya makocha mamia, dola 1,500 na unaweza kulipa kidogo kidogo. Shemeji alikuwa tayari kutoa yote. Tulitoa 400 za kuanzia. Tulichopata ni ukurasa wenye picha yake na imeili moja inayofanana iliyotumwa kwa vyuo vyote, vingine vya Division III huko mbali ambavyo kisheria havitoi kabisa skolashipu ya michezo. Hakuna kocha hata mmoja aliyejibu. Hela haikurudi.

Kilichofanya kazi ni bure. Unaenda tovuti ya chuo, unatafuta majina mawili, kocha wa laini na yule anayesimamia usajili wa Iowa, unawaandikia wewe mwenyewe, au bora zaidi mtoto aandike mwenyewe. Kichwa cha imeili kiwe na kila kitu: mwaka wa kumaliza, nafasi, urefu, uzito, GPA (wastani wa alama za darasani), shule, jimbo. Ndani mistari minne na linki. Kisha unamwomba kocha wa shule apige simu, hii ndo ina uzito kuliko zote maana makocha wanaaminiana wenyewe kwa wenyewe. Kocha wetu alipiga simu tano jioni moja na wiki hiyo hiyo wawili wakamfuata dogo kwenye X.

Januari 2025: karatasi, na hapa someni taratibu

Hii ndo sehemu ingetuua kabisa na haihusiani na mpira.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wana ofisi inaitwa Eligibility Center, ndo inayoamua nani anaruhusiwa kucheza. Ili ucheze Division I lazima uwe na kozi 16 za msingi ndani ya ile miaka minne kuanzia darasa la 9: Kiingereza miaka minne, hesabu mitatu kuanzia Algebra I kwenda juu, sayansi miwili, mmoja zaidi wa mojawapo kati ya hayo matatu, maarifa ya jamii miwili, na nyingine nne za ziada. GPA ya hizo kozi tu isipungue 2.3, Division II ni 2.2. Mitihani ya SAT na ACT ya kuingia chuo waliiondoa 2023, hilo ni afueni kwetu. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalijui: kozi 10 kati ya 16 ziwe zimekwisha kabla darasa la 12 halijaanza, na saba kati ya hizo ziwe za Kiingereza, hesabu au sayansi. Na alama za hizo 10 zinafungwa hapo hapo, ukirudia baadaye kuzipandisha hazibadiliki.

Sasa dogo darasa la 9 aliwekwa kwenye darasa la Kiingereza la wageni, ESL, mwaka mzima. Shule ilimpa alama nzuri na inahesabika kumaliza sekondari. NCAA hawaihesabu. ESL ya ngazi ya juu inaweza kuhesabika, ila tu kama iko kwenye orodha ya kozi za shule yako zilizoidhinishwa, na ile yake haikuwepo. Kwa hiyo mtoto ana B zake safi na kumbe ana pengo la mwaka mzima wa Kiingereza.

Tuligundua kwa sababu dada alikataa kuondoka kwa kaunsela, mshauri wa wanafunzi pale shuleni. Kaunsela alisema yuko vizuri, atamaliza shule. Dada akamwambia dogo atafsiri: "Mwambie sijauliza kumaliza shule, nimeuliza hiyo ofisi ya mpira inahesabu ngapi." Wakakaa wote watatu, wakafungua orodha ya shule kwa namba yake kwenye tovuti ya Eligibility Center, wakahesabu moja moja. Kaunsela mwenyewe hakuwa anajua hii ya ESL na kwa kweli baada ya hapo alitusaidia kwa moyo wote.

Suluhisho lilikuwa Kiingereza cha majira ya joto, Juni 2025. Angalieni hapa pia, kozi nyingi za kwenye kompyuta za kufidia, zile unabonyeza mwenyewe bila mwalimu, NCAA wanazikataa. Tulichukua ya wilaya yenye mwalimu, iko kwenye orodha, na nusu nyingine atasoma sambamba akiwa darasa la 12. Gharama dola 200 na kitu. Ada ya kujisajili Eligibility Center ni dola mia na kidogo ila mtoto akiwa anapata chakula cha shule kwa msaada unaomba msamaha wa ada kupitia kaunsela, sisi tumesamehewa.

Ombi langu kwa mzazi wa Kiswahili mwenye mtoto darasa la 8 au la 9, hata kama hachezi kitu: nenda kaulize hii sasa hivi. Watoto wetu ndo wanaowekwa ESL, basi wao ndo wataumia kwa hili.

Machi hadi Mei 2025: vipimo, halafu ofa

Karatasi ya timu ya shule ilimwandika futi 6 na inchi 6, ratili 290. Kila shule inaongeza, ni kama desturi. Machi tukaenda siku ya ziara isiyo rasmi chuo fulani, wakampima bila viatu, futi 6 na inchi 4 na robo tatu, ratili 268. Uso wa yule kocha ulibadilika pale pale. Sio kwamba futi 6 na 4 ni mbaya, ila sasa anajiuliza GPA nayo ni ya kweli?

Tukarekebisha kila mahali siku hiyo hiyo, na dogo akaweka video ya kupimwa: ukutani, soksi, mzani unaonekana, na upana wa mikono ikinyooshwa, ambao kumbe ndo ulikuwa silaha yake, inchi 82. Baada ya hapo makocha watatu waliomba wenyewe kuongea. Mikono mirefu inamzuia mpinzani kabla hajakufikia, hicho kitu hakifundishiki, uzito unaongezwa jikoni.

Uzito sasa. Mtaalamu wa mazoezi wa shule alitaka aongeze ratili moja kila wiki mbili, asinenepe tu. Tulianza na zile poda za maziwa za dola 60, akaharisha, tukaacha. Dada akasema huyu mtoto nitamlisha mwenyewe. Asubuhi mayai sita na mkate, shule anabeba wali na maharage kwenye bakuli kubwa, jioni ugali na kuku au samaki na sombe, usiku kabla ya kulala chapati mbili na siagi ya karanga na maziwa. Imeongeza kama dola 90 kwa wiki kwenye bajeti na nyumba yenye watoto watano hiyo ni hela, nusu nabeba mimi. Ila amefika 279 na miguu bado myepesi.

Kuanzia katikati ya Aprili makocha wa vyuo wanazunguka mashule. Kwetu masika hakuna mpira, kwa hiyo walikuja kumwangalia anarusha tufe. Mmoja alisimama kwenye mvua kumwangalia kijana akizunguka kwenye duara, hakuuliza hata mpira, alikuwa anaangalia nyonga.

Mei ofa ya kwanza ikaingia, na ikawa ya FBS, chuo kikubwa, cha kwenye TV. Kocha kapiga simu: "tunakupa ofa." Nyumba nzima ililia. Kanisani ilitangazwa.

Juni 2025: kempu

Kempu ni Juni. Unalipa dola 40 mpaka 75, wanakupima, asubuhi mazoezi ya hatua, mchana mmoja kwa mmoja. Tatizo letu Kiingereza cha majira ya joto kilikuwa Jumatatu hadi Alhamisi, kwa hiyo kempu za katikati ya wiki zilikufa zote. Dogo alilalamika sana. Shemeji akamwambia bila hicho Kiingereza hakuna kempu itakayokusaidia, mjadala ukaisha.

Ya kwanza tuliyoenda ilikuwa ya chuo kikubwa mno, vijana mamia, dogo alipata zamu nne za mmoja kwa mmoja mchana kutwa na sidhani kama kocha wa laini alimwona. Ukijumlisha mafuta na hoteli ilifika dola 310. Tukabadilisha. Tukatafuta zile kempu za pamoja ambapo chuo kimoja ni mwenyeji lakini makocha wa FCS, Division II na NAIA (chama kingine cha vyuo vidogo, nje ya NCAA) wote wanakuja kufanya kazi, na tukaenda tu ambapo kuna kocha ameshamwandikia dogo kwa jina lake. Huko alipata zamu mpaka akachoka, na makocha wadogo wanafundisha kweli. Mmoja wa FCS alimsimamisha katikati ya zoezi akamrekebisha mkono wa kushoto, zamu iliyofuata dogo akaufanyia kazi, yule kocha akaandika kitu kwenye karatasi yake. Baadaye alituambia ile ndo sekunde aliyoamua, alitaka kuona kama anafundishika.

Julai 2025: ofa imeyeyuka

Hapa nitaandika kirefu.

Julai mwanzoni dogo, sisi wote tukiwa tumekaa, aliamua anakikubali kile chuo kikubwa. Akampigia kocha. Kocha akasema tunakupenda sana, lakini kwa sasa nafasi za laini zimejaa, tukae tuone msimu wako wa darasa la 12 unavyokwenda. Dogo akasema lakini mlinipa ofa. Kocha akasema ofa bado ipo. Yaani ipo ila huwezi kuichukua.

Siku mbili dogo hakula vizuri na kwa mtu wa kwetu anayetakiwa kula hivyo hiyo ni msiba.

Nikaanza kuuliza watu wanaojua, na nikaelewa hivi. Ofa ya mdomo haimfungi mtu yeyote. Chuo kinaweza kutoa ofa nyingi kuliko nafasi zake mara kumi, na hakiruhusiwi hata kukuandikia rasmi kabla ya Agosti 1 ya darasa la 12. Halafu kuna hili la mwaka huu. Juni 6 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ile wachezaji waliyoishtaki NCAA kuhusu malipo, kuanzia sasa vyuo vilivyojiunga nayo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo mwaka wa kwanza, na ule ukomo wa zamani wa skolashipu 85 umeondoka, badala yake timu isizidi wachezaji 105. Unasikia 105 unadhani nafasi zimeongezeka, lakini timu nyingi zilikuwa na watu 120 na zaidi ukihesabu wanaojilipia wenyewe. Kwa hiyo wale waliokuwa wanaingia kwa mlango wa kujilipia, mlango umekuwa mwembamba. Juu ya hapo kuna uhamisho, mchezaji wa chuo sasa anahama kila mwaka akitaka na anacheza mara moja. Kocha wa laini anayeogopa kufukuzwa kazi atachukua tekli wa miaka 22 aliyeshacheza michezo 30 kuliko mtoto wa 17 wa kumsubiri miaka mitatu. Mtu wa laini wa sekondari ndo anaumia kuliko wengine kwenye hili, kwa sababu yeye ndo huchukua muda mrefu kuiva.

Dada alisikiliza yote hayo nikimweleza, akauliza swali moja: "Kaka, sasa hao wengine tutawajuaje?" Na yeye mwenyewe ndo akatunga jibu. Kila kocha atakayesema ofa, dogo aulize hapo hapo, kwa heshima: nikisema ndiyo leo, mnanipokea leo? Na kama jibu sio ndiyo, tunaandika kwenye daftari kama "salamu," hatuandiki kama ofa.

Tulirudi kwa wote waliokuwa wamesema ofa au karibu na ofa, walikuwa sita. FBS wa pili akasema itategemea. Wa FCS wawili wakasema ndiyo bila kufikiri, mmoja wao yule wa mkono wa kushoto. Division II mmoja ndiyo, NAIA mmoja ndiyo na akataka kuja nyumbani wiki hiyo, mmoja hajajibu mpaka leo. Ghafla picha ikaonekana. Ilikuwa inauma ila inaonekana.

Oktoba 2025: hela za FCS zinavyokwenda

Vyuo vya FCS ambavyo havikuingia kwenye mfumo wa House bado viko kwenye skolashipu 63, na hizo wanaweza kuzikata vipande. Kwa hiyo "skolashipu" inaweza kuwa asilimia 100 au 40. Usione aibu kuuliza. Sisi tuliuliza ni asilimia ngapi, ni ya mwaka mmoja au minne, inapanda lini, na akiumia goti inakuwaje. Mmoja wa wale wawili alianza na asilimia 50. Yule wa mkono wa kushoto akasema 75 mwaka wa kwanza, kamili akishaingia kwenye kikosi cha kucheza, na akaituma kwa maandishi.

Pengo linalobaki linazibwa na Pell Grant, msaada wa serikali kwa familia za kipato cha chini, mwisho wake dola 7,395 kwa mwaka na haurudishwi. Mwenye green card anastahili, sio lazima uraia. Fomu yake ni FAFSA, mimi na shemeji tuliijaza Jumapili moja na ikakataa saini yake mara kadhaa kwa sababu jina kwenye green card na jina kwenye kodi yamepishana herufi. Yale majina yaliyoandikwa kambini na karani aliyekuwa na haraka, mnajua wenyewe. Rekebisheni hilo mapema, sisi ilichukua wiki sita.

Msimu wenyewe: tekli wa kushoto kila mchezo, timu imetolewa raundi ya pili ya mtoano. Michezo mizima miwili tuliituma, sio klipu, na wote wa FCS waliitazama yote.

Desemba 3, 2025: amesaini

Kabla ya hapo kocha wa laini na kocha mkuu walikuja nyumbani. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wakala wali, kuku na sombe, yule wa laini akaongeza. Dada akauliza mambo matatu: nani anamwamsha aende darasani, mwisho wa wiki anakula wapi, na kama kuna kanisa. Walijibu yote na walijua jina la mtu wa masomo. Shemeji hakusema kitu mpaka wanaondoka, akamwambia dogo, "hawa wamekuja wenyewe."

Siku ya kusaini ni mapema Desemba sasa. Ile karatasi maarufu ya zamani, National Letter of Intent, NCAA waliifuta Oktoba 2024, unachosaini sasa ni mkataba wa msaada wa fedha wa chuo chenyewe, na ukishasaini vyuo vingine haviruhusiwi kuendelea kukusajili. Asilimia 75, kama walivyosema. Meza ilikuwa ya maktaba ya shule, wazazi walivaa kitenge kimoja.

Saa nne baadaye kile chuo kikubwa kilimtumia meseji ya pongezi.

Januari 2026: kocha kaondoka

Wiki ya pili ya Januari, yule kocha wa laini, wa mkono wa kushoto, amechukuliwa na chuo kingine. Alimpigia dogo mwenyewe kabla habari haijatoka, hilo nampa heshima yake. Lakini nyumba ilitikisika tena.

Tulichofanya: hatukuandika popote, tulimpigia kocha mkuu siku hiyo. Tuliuliza vitu viwili, mkataba unabaki vile vile? Ndiyo, uko kwa chuo sio kwa mtu. Mpango ni ule ule, mwaka wa kwanza akae anajenga mwili, acheze michezo isiyozidi minne ili asipoteze mwaka wake wa kucheza? Ndiyo. Kocha mpya ameshampigia mara mbili na kamtumia mazoezi ya hatua. Anataka kumjaribu gadi badala ya tekli. Dogo hataki. Mimi naona sawa tu, inchi 82 za mikono zitarudi zenyewe nje, lakini hiyo vita ni yao sasa.

Machi 2026: hali ilivyo

Ratili 284. Nusu ya mwisho ya Kiingereza ana A mpaka sasa. Jumla ya tulichotoa tangu mwanzo, ukiacha chakula, ni kama dola 2,300, kubwa zaidi ni mafuta na kempu, na hizo 400 za kampuni ndo pekee ninazozijutia kabisa. Mnaoanza sasa mnaweza kuifanya kwa nusu yake.

Bado: kadi za chanjo za Nyarugusu chuo wanazitaka kwa Kiingereza, dada amezipeleka kliniki zihamishwe. Aprili 1 anaomba uthibitisho wa mwisho Eligibility Center. Juni transkripti ya mwisho, ile karatasi ya alama zote, itumwe na shule yenyewe, sio na sisi, wanakataa ukipeleka kwa mkono. Mwenye mtoto wa 2027 mwenye kozi ya ESL ya darasa la 9, niandikie, nitakutumia ile barua tuliyompelekea kaunsela, ibadilishe jina tu.